Ukitafiti wanawake na gemu, usihesabu vichwa vya jioni

Karibu kila pendekezo la utafiti ninaloletewa na wanafunzi kuhusu wanawake na gemu za video lina dodoso linaloanza na swali: "Je, wewe ni mchezaji wa gemu?" Huwa nawaambia walifute. Adrienne Shaw, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 2012 kwamba wengi wanaocheza hawajihesabu kuwa wachezaji, na jinsia ina mkono wake hapo. Dar es Salaam naliona hilo kila nikiingia mitaani. Mama anayemaliza bando kwenye Candy Crush atakwambia gemu ni mambo ya watoto. Muulize jana usiku alifungua nini kwenye simu, atakueleza mpaka hatua aliyokwama.

Kwenye mabanda ya gemu, usiende jioni tu. Jioni benchi limejaa vijana wa kiume, kelele juu, aliyefungwa anaachia padi, nawe utaandika kwamba wasichana hawapo. Nenda asubuhi. Kwenye banda moja nililozoea kukaa, dada wa mwenye banda ndiye aliyepokea hela na kuwasha mashine. Kabla ya wateja kufika alikuwa akicheza peke yake, sauti ya TV ameipunguza, na pasi zake zilikuwa safi kuliko za wengi wa jioni. Vijana walipoingia alinyanyuka bila kuambiwa, akarudi kwenye hela zake. Nilimuuliza kwa nini. "Wakinifunga watasema, 'Si ni mwanamke tu huyo!' Nikiwafunga, ugomvi." Kunyanyuka kule hakuna dodoso litakalokunasa, lazima uwepo.

Alikuwa akicheza gemu ya mpira. Timu za wanawake ziliingia kwa mara ya kwanza kwenye FIFA 16, mwaka 2015, za taifa 12 tu. Wanafunzi wengi hupenda kuhesabu wahusika wa kike waliomo ndani ya gemu na kuishia hapo. Hesabu hiyo ina maana, lakini mwanamke kuwamo kwenye skrini hakujampa huyu binti nafasi kwenye benchi la jioni.

Wengine watakutajia Sylvia Gathoni, "Queen Arrow", Mkenya mcheza Tekken, gemu ya kupigana, aliyewahi kusajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU. Mtaje, anastahili. Ila watafute pia walioacha njiani, maana hao hawaandikwi magazetini.

Mtandaoni nako kuna ukimya wake. Kishonna Gray, naye mtafiti wa Marekani, alifuatilia mazungumzo ya sauti kwenye Xbox Live, huduma ya kucheza na wengine mtandaoni, akaonyesha jinsi wanawake weusi walivyotukanwa pindi sauti zao zilipotambulika. Kwa hiyo usitegemee rekodi za sauti peke yake. Mtafute aliyezima maiki, umuulize lini aliizima na nani alikuwa akisema nini.

Na jilinde. Mwaka 2014, wakati wa Gamergate, wimbi la matusi na vitisho mtandaoni, waliandamwa watengenezaji gemu wa kike, waandishi, hata watafiti wa vyuo vikuu. Tumia laini ya simu ya utafiti, tofauti na yako. Kwa watoto pata ridhaa ya mzazi, hata kama mwenye banda ameshakukubalia. Kwenye ripoti usitaje mtaa wala jina la banda: msichana akiwa mmoja tu pale, atajulikana siku hiyohiyo, na wewe utakuwa umeshaondoka.