Kwa nini exec inarudisha None

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye Python ukiandika jibu = exec("2 + 3") unapata None (yaani hakuna kitu) badala ya 5. Hujakosea popote. exec kazi yake ni kuendesha kodi tu, hairudishi kitu hata uipe mistari mia. Hesabu imefanyika, jibu likatupwa.

Unayoitaka ni eval: eval("2 + 3") inakupa 5. Ila hiyo inapokea usemi mmoja tu (kitu chenye thamani, kama 2 + 3); ipe "x = 5" uone inavyogoma na SyntaxError.

Kwa mistari mingi, ipe exec kamusi (dict) yako ya kuwekea vitu:

d = {}
exec("x = 2 + 3", d)
print(d["x"])

Hapo 5 inatoka. (Mimi hili lilinikesha usiku mzima.) Na maandishi ya mtumiaji usiyapitishe kwenye exec wala eval, anaweza kukufutia mafaili.