Umepata cheti cha EMT? Anza na mtungi wa oksijeni

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, amepata cheti chake cha EMT (mhudumu wa dharura kwenye ambulensi) juzi juzi tu, akaja nyumbani na mamake kunishukuru manake mi ndo nlimsukuma aende kusoma, na kabla chai haijapoa akaniuliza swali ambalo hata mi nlikua nalo miaka saba iliyopita: "Dada, siku ya kwanza nkipanda gari nifanye nini?" Nlimjibu kwa kifupi manake kulikua na wageni, lakini usiku swali likanirudia, nkaona bora niandike jibu lote lisaidie na wengine.

Jibu langu ni mtungi. Kabla ya mgonjwa, kabla ya king'ora, nenda kwenye mtungi wa oksijeni uufungue kwa mkono wako na usome geji kwa jicho lako.

Wiki yangu ya pili kazini nlipokea gari saa moja asubuhi. Aliyekua anatoka shifti ya usiku ashatia tiki kila mahali kwenye fomu, oksijeni tiki, sakshen (mashine ya kunyonya matapishi na ute mdomoni) tiki, glovu tiki, na mi kwa kuheshimu ukubwa wake nkatia sahihi hapo chini bila kugusa kitu. Saa nne tukaitwa Likoni. Bibi wa miaka sabini na kitu, pumu imembana tangu alfajiri, amekaa ukingoni mwa kitanda mikono ameikita magotini, akisema neno moja lazima avute pumzi ndo aseme la pili. Kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni ya damu kikasoma asilimia 84. Tukamsaidia kuvuta dawa ya pampu yake, nkamvika maski yenye mfuko, lita 15 kwa dakika kama tulivyofunzwa, na akapanda vizuri tu mpaka 97, mjukuu wake akanishika mkono akasema ahsante.

Tukafika kivukoni. Ambulensi hupewa njia pale, lakini feri ikiwa ndo kwanza imeng'oa, uwe na king'ora cha aina gani utangoja tu. Hapo ndo nkaangalia geji ya mtungi wa mkononi tuliokua tukiutumia, mshale uko kwenye nyekundu. Nkafungua mtungi mkubwa wa gari, mtupu.

Mtungi wetu wa mkononi ni wa lita 5. Hesabu yake ni hii: ukubwa wa mtungi mara presha unayoisoma, gawanya kwa lita unazompa mgonjwa kila dakika. Geji ilikua bar 20, kwa hivyo 5 mara 20 ni lita 100, na kwa lita 15 kila dakika hazifiki hata dakika 7. Hesabu hiyo darasani nliipata sawa kabisa, lakini pale kwenye gari, bibi wa watu ananitazama, nliirudia mara tatu kichwani nikiomba nimekosea.

Dereva wetu ni mzee ambaye sote twamwita Ami. Ashaanza kupiga simu gari lingine litungoje ng'ambo ya kisiwani na mtungi mzima, alafu akageuza shingo akanambia, "Mwanangu, wacha mtungi, mtazame mgonjwa. Yuko ngapi sasa?" Yuko 97. Nkaelewa. Mtu aliyefika 97 hahitaji tena lita 15, nkamtoa maski nkamwekea mirija ya puani lita 4, macho yangu kwenye kile kifaa, akashuka 95, akashuka 94, akakaa hapo hapo. Lita 100 kwa 4 ni dakika 25. Feri ikaja, tukavuka, mtungi tukaupata upande wa pili, bibi akafika hospitali akiongea. Jioni nlienda kwa msimamizi nkamwambia ukweli wote, kwamba ile sahihi ni yangu na sikufungua kitu. Simlaumu aliyetoka usiku. Sahihi ilikua yangu.

Kwa hivyo fika nusu saa mapema. Mtungi mkubwa na mdogo, yote miwili, na ile spana ya kufungulia iwe imefungwa hapo hapo kwa kamba manake hupotea kila mara. Sakshen usiitazame kwa macho, iwashe uweke kiganja uisikie ikivuta. Ambu bag (ule mfuko wa kubonyeza kumpa pumzi asiyepumua) ya mtu mzima, ya mtoto, na ya kichanga, na maski zake zote. Machela ifungue na uifunge mara mbili ujue loki gani inakwama, manake loki ikikwama na mtu yuko juu ni balaa. Na vile vijiti vya kupimia sukari angalia tarehe.

Nikigusia sukari, hapa nataka unisikilize sana. Mpime sukari kila mtu aliyechanganyikiwa, kila aliyeanguka, kila unayeambiwa amelewa, hata kama ananuka pombe kweli. Ramadhani moja tuliitwa Mwembe Tayari baada ya alasiri, mwanamume wa makamo amelala kwenye benchi ya duka, jasho limemlowesha shati lote, anasukuma watu na kutukana, na umati ushaamua, mmoja asema kalewa mwezi mtukufu, mwengine asema ni jini. Tulipompima sukari akawa na 1.9 mmol/L, na chini ya 4 tu tayari ni hatari. Alikua na kisukari, amedunga insulini yake, na amefunga. Kumeza alikua anaweza bado kwa hivyo tukampaka sukari ya jeli ndani ya shavu kidogo kidogo, (kama hawezi kumeza usimtie chochote mdomoni, huyo wahi naye kwa mwenye kuweza kumpa dripu), na baada ya kama robo saa akauliza viatu vyake viko wapi kwa sauti ya upole kabisa. Wale waliokua wanamcheka wakatawanyika kimya kimya. Huyo mtu angeachwa hapo kwa sababu ya neno "kalewa" tu, na mi huumia nikifikiria wangapi wameachwa hivyo.

Jambo jingine ambalo darasani hulipati vizuri ni nyumba za watu. Mji wa Kale gari halifiki mlangoni, kuna vichochoro ambavyo hata mkokoteni unajibana, na ngazi za zile nyumba za zamani ni nyembamba na zimesimama wima, machela ya magurudumu hata usijaribu kuipandisha. Panda kwanza wewe mikono mitupu, piga hodi, salimia mkubwa wa nyumba, tazama kona ziko wapi, alafu ndo uamue kama mtamshusha kwa kiti au kwa shuka la kubebea. Shikamoo yako haikuchelewesheni hata sekunde tatu na itakufungulia nyumba nzima, watu watakwambia dawa anazomeza, lini alianguka, na yale ambayo hawangemwambia mgeni. Na mgonjwa akiwa mwanamke, na inabidi umfunue kifua umuwekee pedi za mashine ya moyo, waombe shangazi au dada zake washike leso mbili ziwe pazia. Mi hutembea na leso zangu mbili kwenye begi siku zote. Mtu hata akiwa hajitambui stara yake ni yake.

Barabarani nako, ile ya kuelekea Mariakani hasa, ukiitwa lori la mafuta limeanguka simama mbali, upande upepo unakotoka, usisogee mpaka watu wa zimamoto wakuruhusu hata kama watu wanakupigia kelele kwa nini umesimama. Sachangwan, kule Molo, mwaka 2009 zaidi ya watu 100 waliteketea wakiteka mafuta ya lori lililoanguka. Na kwenye ajali ya matatu anayepiga mayowe ana pumzi ya kupigia mayowe, mwendee kwanza aliyenyamaza.

Ukifika hospitali usimwage maneno. Umri, nini kimetokea na saa ngapi, umemkuta vipi, umempa nini, sasa yuko vipi. Nusu dakika yatosha. Kisha ngoja nesi akurudishie kwa mdomo wake alichosikia, manake mara ya kwanza nlisema "amepewa dawa ya pampu saa nne" na nlipotazama kwenye fomu yao nkakuta saa kumi, ilibidi nirudi mbio kurekebisha.

La mwisho ni gumu kuliandika. Utapoteza mtu. Wangu wa kwanza alikua kijana wa boda, Mtwapa, usiku, bila helmeti. Tulibonyeza kifua, 100 mpaka 120 kwa dakika, tunapokezana kila dakika mbili, sikukosea kitu, wenzangu hawakukosea kitu, na hakurudi. Simu yake ilikua inaita mfukoni njia nzima, nliona jina tu, "Mama". Siku ile nlirudi kituoni nkakaa nyuma ya gari sitaki kuongea na mtu. Ami hakunihubiria. Alichota maji ndoo mbili, akanipa kitambaa, tukaosha gari pamoja mpaka likatakata, kisha akaleta chai ya tangawizi na mahamri akanambia nimhadithie mwanzo mpaka mwisho, nkamhadithia, na nkalia. Tafuta mtu wako wa kumhadithia kabla hujamhitaji, na usiende na kisa kama hicho nyumbani peke yako ukakilalia. Mi nlijaribu kukilalia miezi miwili mingine baadaye, kwa mgonjwa mwengine, na usingizi ulikatika mpaka nlipoenda kuongea na mshauri.

Yule kijana wetu anaanza Jumatatu, shifti ya usiku. Nishamnunulia saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia pumzi za wagonjwa wake, na leso mbili.