Leseni ya Japani inafuata siku yako ya kuzaliwa, si kadi ya ukaazi

SWALI: Dada, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Komaki, karibu na Nagoya, kwenye yadi inayopakia magari yaliyotumika kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Leseni yangu ya Japani niliipata Mei 2023 kwa kubadilisha ile ya Tanzania. Imeandikwa mwisho wake ni 12 Aprili 2026. Kadi ya ukaazi wameniongezea hadi 2028. Sasa nasafiri kwenda Korogwe tarehe 20 Januari, namwoza mdogo wangu na kumalizia paa la nyumba ya mama, nirudi mwishoni mwa Aprili. Wenzangu wanasema kadi ikishaongezwa, leseni nayo imeongezwa. Wengine wanasema nikate leseni ya kimataifa hukohuko nyumbani nirudi nayo. Halafu kuna mwenzangu ninayekaa naye. Leseni yake iliisha tarehe 3 Julai 2025 akiwa nyumbani, amerudi Oktoba, na mpaka leo kila usiku anaendesha kwenda kazini. Anasema anangoja barua ya kumkumbusha kuhuisha. Tufanyeje?
Dereva, Komaki

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa harusi.

Wenzako wamekosea, wa kwanza na wa pili pia. Kadi ya ukaazi iko mikononi mwa Uhamiaji, leseni iko mikononi mwa polisi wa mkoa, na hizo ofisi mbili hazisukumani. Leseni ya Japani imefungwa kwenye siku yako ya kuzaliwa. Dirisha la kuihuisha linafunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku hiyo na kufungwa mwezi mmoja baada yake. Wewe umezaliwa 12 Machi, ndiyo maana leseni yako inakufa 12 Aprili. Dirisha lako la kawaida ni kuanzia 12 Februari, wakati huo uko Korogwe juu ya paa.

Lakini sheria imemfikiria msafiri. Mtu atakayekuwa nje ya nchi kipindi chake chote anaruhusiwa kuhuisha mapema, kabla dirisha halijafunguliwa. Kwa hiyo usisubiri Februari. Nenda kituo cha leseni cha Hirabari, hapo Nagoya, kabla ya tarehe 20 Januari. Chukua leseni, kadi ya ukaazi, pasipoti na tiketi yako ya ndege, kwa sababu watataka kuona kwamba kweli unaondoka. Piga simu kwanza uulize kama lazima uweke nafasi, siku hizi vituo vingi havimpokei mtu aliyejiendea tu. Kama Kijapani cha simu kinakushinda, mwombe mtu wa ofisini kwenu akupigie. Muda wa leseni mpya utakuwa mfupi kuliko ungehuisha kwa wakati wake. Kubali hasara hiyo.

Siku yenyewe si ya kutisha. Huu ni uhuishaji wako wa kwanza, leseni yako bado ina ukanda wa kijani, ule wa dereva mpya, kwa hiyo utakaa darasani saa mbili. Somo ni la Kijapani na hakuna mtihani mwishoni, ila usisinzie. Gharama yote ni yeni elfu nne na ushee. Macho wanapima kwa duara lenye pengo, kama herufi C, nawe unataja pengo liko upande gani: ue (juu), shita (chini), migi (kulia), hidari (kushoto). Ukibabaika, onyesha kwa kidole. Wanataka 0.7 kwa macho mawili pamoja na angalau 0.3 kwa kila jicho, basi ukiwa na miwani usiiache nyumbani. Utaulizwa pia namba mbili za siri za tarakimu nne nne. Zichague ukiwa kwenye treni, maana pale kaunta foleni nzima inakungoja wewe.

Sasa hiyo leseni ya kimataifa. Tafadhali sana, usiiguse. Mkaazi wa Japani akitoka na kurudi kabla ya miezi mitatu kutimia, leseni ya kimataifa aliyorudi nayo haimruhusu kuendesha, hata iwe ya nchi iliyomo kwenye mkataba wa Geneva wa 1949 wa usafiri wa barabarani. Wewe safari yako imepita miezi mitatu kwa siku chache tu. Ndege ya kurudi ikiwahishwa wiki mbili, umeshakuwa dereva asiye na leseni.

Na usifikiri kwamba ikikufia utaenda tu kubadilisha ile ya Tanzania mara ya pili. Wewe mwaka 2023 ulijibu maswali kumi, ukipata saba umepita. Tangu 1 Oktoba 2025 maswali ni 50 na lazima upate 45. Bado uwanja wa kuendeshea, ambao nadhani hujausahau.

Hilo la barua limenichoma, kwa sababu limenipata mimi. Mwaka 2014 nilihama Kawasaki kwenda Fujisawa. Ofisi ya mji nilikwenda ndani ya siku 14, wakaniandikia anwani mpya, nikaona nimemaliza. Kumbe anwani ya leseni inabadilishwa kituo cha polisi, peke yake. Ni bure, wanaandika nyuma ya leseni, dakika chache. Sikwenda. Ile posta kadi ya kukumbusha ikaenda Kawasaki kwa watu nisiowajua. Niligundua kwenye kaunta ya kukodi gari, watoto wameshavaa mabegi. Kijana akaitazama leseni yangu, akaigeuza, akanirudishia kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Ilikuwa imekufa siku kumi na moja. Siku zote hizo nilikuwa nawapeleka watoto shule, asubuhi na jioni, kwenye njia wanayopita watoto wa wenzangu kwa miguu. Mpaka leo nikiikumbuka mikono hunitoka jasho. Ukanda wa dhahabu, ule wa dereva asiye na kosa, niliousubiri miaka mitano ulikwenda siku ileile. Kama na wewe umehama tangu 2023, pita polisi wiki hii.

Mwenzako sasa. Ndani ya miezi sita tangu leseni ife, anasamehewa mtihani wa maandishi na wa kuendesha. Anapima macho, anakaa darasani, anapewa leseni mpya. Miezi sita yake inatimia 3 Januari 2026, na ofisi hufunga sikukuu za mwaka mpya, kwa hiyo ahesabu mwisho wa Desemba. Akizidisha hapo, hadi mwaka mmoja, atapewa leseni ya kujifunzia tu na arudi kufanya mitihani. Ukipita mwaka, anaanza upya. Aende na pasipoti, maana akithibitisha kwamba alikuwa nje, rekodi yake ya udereva haikatiki. Na hapa nawaomba nyote mnaopita milango ya kujihudumia pale uwanja wa ndege: ile milango haigongi muhuri. Mkipita, mwendeeni ofisa mwombe muhuri. Mwenzako kama hana muhuri, atahitaji kuonyesha tiketi au karatasi nyingine ya safari.

Lakini hayo ni ya mchana, na wewe umeniambia anaendesha usiku. Mimi zile siku kumi na moja sikujua. Yeye anajua. Kuendesha bila leseni hapa ni kifungo hadi miaka mitatu au faini hadi yeni 500,000, na siku ya kuomba kuongezewa ukaazi mwenendo wake utaangaliwa. Akimgonga mtu, sijui utamwambia nini mama yake. Kama zamu zenu zinafanana, mpakie kwenye gari lako. Kama hazifanani, atafute baiskeli. Barua anayoingoja haiji, leseni ilishakufa. Leo akitoka kazini, mwombe funguo.