Kabla hujaandika chmod 777

Juzi saa tatu usiku mwenzangu wa kazini alinipigia. Picha za ripoti zilikuwa zinagoma kuingia kwenye seva. Kila akikopi, anajibiwa kwamba hana ruhusa. Faili ni zake na diski ina nafasi. Nikamwuliza: folda unayopeleka ni ya nani?

Swali hilo nililijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza kutunza seva ya Linux nilikwama hivyohivyo, nikaandika chmod -R 777 kwenye folda yangu ya nyumbani, amri inayompa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vyote vilivyomo. Faili zikapita, nami nikalala. Kesho yake ufunguo wangu wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ukakataliwa, kwa kuwa SSH haiuamini ufunguo uliokaa mahali ambapo yeyote anaweza kuandika. Kibaya zaidi, faili yenye nenosiri la hifadhidata ilikuwa wazi kwa kila mwenye akaunti. Tafadhali usifanye hivyo, hata ukiwa na haraka.

Ukikopi faili mpya, unaongeza jina ndani ya folda. Kwa hiyo seva inakagua folda: je, mtumiaji huyu ana w ya kuandika na x ya kupita? Hiyo x wengi tunaisahau. Inatakiwa kwenye kila folda iliyo njiani, tangu juu kabisa. Andika namei -l /srv/data/ripoti uone mwenye kila ngazi na ruhusa zake. Kwa mwenzangu, folda ya ripoti haikuwa na kasoro. Ile ya data iliyo juu yake ndiyo ilikuwa 700, yaani inafunguka kwa mwenyewe tu, na ni mali ya root, msimamizi mkuu wa seva. Kuifanya 711 kulitosha: watu wanapita, lakini hawaoni orodha ya vilivyomo.

Folda ikitumiwa na wengi, tengeneza kundi. Waingize kwa usermod -aG, na hiyo a usiiache, maana bila yake mtu huondolewa kwenye makundi yake mengine ya ziada. Kisha ipe folda kundi hilo kwa chgrp na uweke chmod 2770: mwenye folda na kundi wana ruhusa zote, wengine hawana. Ile 2 ya mwanzo hufanya faili mpya zirithi kundi la folda. Umask, yaani mpangilio wa ruhusa zinazoondolewa kwenye faili mpya, ikiwa 022, wenzako watasoma faili yako bila kuweza kuihariri. 002 inaondoa kero hiyo. Na mtu uliyemwongeza atoke aingie upya, la sivyo seva bado inamtambua kwa makundi yake ya zamani.

Jihadhari pia na sudo cp, yaani kukopi kwa mamlaka ya root. Inapita vizuri, ila faili mpya inakuwa ya root, na asubuhi mwenye kazi hawezi kuihariri.

Ukimaliza, jaribu kwa akaunti ya mhusika mwenyewe, kwa sudo -u jina lake na touch ya faili moja tupu. Usijaribu kwa root, kwa sababu root ruhusa hizi hazimzuii. Mwenzangu alijaribu hivyo, kisha akazikopi picha zake zote usiku uleule.