Hela ya Ruzuku Mmepata, Mteja Mmeshamuona?

SWALI: Dada mshauri, habari za kazi. Mimi na mwenzangu tuna kampuni changa huku Marekani, tulitokea maabara ya chuo, na tumepata ruzuku ya hatua ya kwanza ya NIH, zile taasisi za serikali za utafiti wa afya, kutengeneza sensa inayobandikwa kwenye ngozi ya mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu, inapiga alamu kabla kidonda hakijatokea. Maabara inafanya kazi vizuri mno. Sasa ofisa wa ruzuku anatushauri tuhakikishe soko lipo kabla hatujaomba hatua ya pili. Mwenzangu anaona tunapoteza muda, anasema tumeshauliza madaktari 12 na wote wamesema watanunua. Je ni kweli kuna haja, na kama ipo tunaanzia wapi? – Msomaji, Marekani

JIBU: Nzuri kaka, na hongereni sana manake ruzuku ya NIH haiokotwi njiani. Ila hao madaktari 12 ndo wamenitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako. Mtu ukimwendea na kitu ulichokihangaikia miaka, ukamuuliza hiki utanunua, atakwambia ndio, hasa kama mnafahamiana, kwa sababu kusema ndio hakumgharimu chochote na ukishatoka mlangoni kwake ameshaendelea na yake. Huo ni uungwana tu, msiuhesabu kama soko.

Na nyie wa ruzuku mko kwenye hatari zaidi kuliko wengine, nitakwambia kwa nini. SBIR, ule mpango wa serikali ya Marekani wa tangu 1982 unaozipa kampuni ndogo hela za utafiti na unaotoa ruzuku kama yenu, hauchukui hisa yenu hata moja, na wengi wanaosoma maombi yenu ni wanasayansi, wanaangalia sayansi kwanza. Kwa hiyo kampuni inaweza ikaishi kwa ruzuku miaka na miaka, mishahara inalipwa, makala zinachapishwa, na hakuna hata mtu mmoja wa nje aliyewahi kutoa hela mfukoni kununua kile kitu. Nimeona watu wenye akili nyingi wakizeekea humo na inauma. NIH wenyewe waliliona hili, ndo maana mwaka 2014 wakachukua mafunzo ya I-Corps, ya kutoka nje kuhoji wateja, ambayo wenzao wa NSF, shirika la serikali la sayansi, walikuwa wameyaanzisha 2011, wakayafanya yafae kampuni za afya. Timu inakuwa ya watu 3, yaani kiongozi wa kampuni, mtafiti mkuu na mtu aliyeijua biashara hiyo kwa miaka, na ndani ya wiki 8 wanatakiwa wawe wamefanya mahojiano yasiyopungua 100, ana kwa ana kadri inavyowezekana. Muulize ofisa wako kama mna nafasi ya kuingia, mkikosa fanyeni wenyewe kwa mtindo huohuo.

Namna ya kuhoji ndo penyewe hapa. Sensa iacheni ofisini, na zile slaidi pia. Usimuulize mtu kuhusu kesho kwa sababu kesho kila mtu ni mnunuzi, muulize kuhusu jana. Zamu yako ya mwisho ilikuwaje, kidonda cha mwisho mlikigundua lini na nani alikiona, mlifanya nini, kifaa cha mwisho mlichonunua kilipitia kwa nani mpaka kikafika wodini.

Niliwahi kuongozana na timu moja yenye kifaa kinachofanana na chenu, tukakaa na nesi mmoja kwenye kachumba ka mapumziko karibu na wodi. Injinia akaanza vizuri tu, akauliza kuhusu zamu ya jana. Yule mama akasema, wagonjwa watakaopata vidonda mimi nawajua mwanangu, nina jedwali la Braden, nawapima vitu sita kila zamu, sina shida ya kujua, nina shida ya mikono, mgonjwa mzito vile nimgeuze na nani saa tisa usiku? Tulivyotoka kumsindikiza wodini, mashine ikaanza kulia kitanda cha jirani, yeye akanyoosha mkono akabonyeza ikanyamaza, wala kichwa hakugeuza, akaendelea kuongea na sisi. Injinia akanitazama. Kifaa chao chote kilikuwa ni alamu.

Sasa wangeishia hapo wangelia bure. Walirudi wakahoji wengine na wengine, na kitu kikaanza kujirudia, manesi wanasema wekundu wa mwanzo kwenye ngozi nyeusi hawauoni, mpaka waje kushtuka kidonda kimeshafika mbali. Na hili ni jambo linalojulikana kwenye uuguzi, ile dalili ya mwanzo iliyoandikwa vitabuni ni wekundu, na kwenye ngozi yenye weusi mwingi wekundu unajificha. Hapo ndo palikuwa na shida ya kujua, ya kweli kabisa, na kwenye maombi yao ya ruzuku hawakuwa wameiandika hata mstari mmoja. Madaktari 12 wasingewaambia hilo manake daktari sio anayemgeuza mgonjwa.

Alafu kuna suala la hela, na hapa naomba mwenzako asome taratibu. Kwenye afya anayetumia kifaa, anayeamua kinunuliwe na anayelipa kwa kawaida ni watu watatu tofauti, wakati mwingine hata hawajuani. Nesi anaweza akakipenda sana kifaa chenu ila kamati ya manunuzi ya hospitali ndo inayosaini. Na kamati inahesabu hivi, tangu 1983 Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, inailipa hospitali kiasi kilichopangwa kulingana na ugonjwa uliomlaza mgonjwa, sio kwa kila kitu kilichotumika, kwa hiyo sensa yenu ni gharama inayokata kwenye kiasi hichohicho isipokuwa muonyeshe inaokoa kitu. Na kipo cha kuokoa, manake tangu Oktoba 2008 Medicare iliacha kulipa nyongeza kwa vidonda vizito vya aina hiyo, vya daraja la tatu na la nne, kama mgonjwa kavipatia hospitalini. Hasara inabaki kwa hospitali. Kwa hiyo mtafuteni mtu anayesimamia ubora wa huduma pale hospitalini na mtu wa fedha, waulizeni mwaka jana hasara hiyo iliwauma kiasi gani na waliitatua vipi. Akikwambia hakumbuki, basi haimnyimi usingizi, andika hivyohivyo kwenye daftari usipambe.

Mwenzako akiendelea kubisha mkumbushe Exubera, insulini ya kuvuta kwa mdomo ya Pfizer. Ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Januari 2006, sayansi ilikuwa imepita, na ukimuuliza mtu yeyote hutaki kuachana na sindano atakwambia nataka. Oktoba 2007 Pfizer wakaitoa sokoni na kuandika hasara ya dola bilioni 2.8. Kifaa kilikuwa kikubwa, mtu unaona aibu kukitoa mbele za watu, kipimo chake kilikuwa cha miligramu wakati wagonjwa na madaktari walizoea yuniti, mgonjwa alitakiwa apimwe mapafu kwanza, na bima nyingi hazikuona sababu ya kulipa zaidi. Pfizer waliweza kuibeba hasara ile, nyie hata sehemu ndogo yake ingewazika.

SWALI: Mahojiano 100 tutawapata wapi hao watu, sisi ni wanakemia, hatujui mtu nje ya maabara na hela yenyewe ya ruzuku imeshapangiwa matumizi. – Msomaji mwingine

JIBU: Mnaanza na 5 mnaowajua, na kila mazungumzo yakiisha unauliza swali moja, nani mwingine naweza kuongea naye? Huyo anakupa wawili. Barua ya kuomba nafasi iwe fupi, mistari minne, useme unajifunza jinsi wanavyofanya kazi na huuzi kitu, na iwe kweli, usifike ukaanza kuuza. Nenda mwenyewe, usimtume kijana wa kukodi, manake kile kinachobadilisha mawazo huwa ni namna mtu alivyositasita, na hiyo haiandikiki kwenye ripoti. Mkae wawili, mmoja anauliza mwingine anaandika, na muandike maneno aliyosema yeye kabla hamjaandika mnachofikiri alimaanisha. Ukiona mahojiano 10 mfululizo unaweza kutabiri jibu kabla mtu hajafungua mdomo, umefika, hamia kundi lingine. Kuhusu hela, ulizeni NIH habari za msaada wa kibiashara unaoitwa TABA, kwa hatua ya kwanza sheria imeweka ukomo wa dola 6,500.

SWALI: Tukienda kuongea na watu 100 si wataiba wazo letu? – Msomaji

JIBU: Naielewa hofu yako. Kwenye mahojiano ya aina hii hakuna haja ya kueleza kifaa kinafanyaje kazi, unaongelea shida ya mtu na siku yake tu. Lakini kama kuna siku mtalazimika kuonyesha, wekeni kwanza ombi la awali la patenti, yaani la kulinda uvumbuzi wenu, linawapa miezi 12 ya kuleta ombi kamili, manake Marekani inakusamehe mwaka mmoja baada ya kutangaza ila Ulaya haisamehi, ukishaliweka hadharani haki imeondoka. Na kwa kuwa hela ni ya serikali, sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inawaachia uvumbuzi ubaki wenu ila lazima muuripoti, ndani ya miezi miwili tangu mvumbuzi alipoujulisha kampuni kwa maandishi. Hilo wengi wanalisahau wakiwa wanaogopa wezi, kwa hiyo leo kabla hujalala angalia tarehe yenu.