Mtoto anarudisha chakula cha dei kea: ninavyomfungashia binti yangu mchaguzi

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika: mwanao ana miaka miwili na miezi mitatu, jioni anarudi na hotpoti imejaa vilevile, nyumbani anataka wali mweupe, chipsi na biskuti tu, na dada wa kituo anakwambia "huyu hali". Pole sana, najua inavyouma kufungua lile begi jioni. Binti yangu alianza hivyo hivyo, na sasa yuko mwaka wa pili kituoni huku Tabata, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Chakula cha kubeba si mahali pa kumfundishia mtoto vyakula vipya. Vipya anafundishwa nyumbani, jioni, mkila wote, anapoona baba yake anachota mchicha na hakuna anayemlazimisha. Kituoni yuko mbali na wewe, kuna kelele, pengine ana usingizi. Pale mpelekee anachokijua tayari, na kipya kikiwepo kiwe kidogo tu cha pembeni, ila wewe ndiye ukipe lishe hicho anachokijua.

Kabla hujagusa mapishi, angalia kiasi. Kipimo kinachotumika sana kwa watoto wadogo ni kijiko kikubwa kimoja cha kila chakula kwa kila mwaka wa umri. Kwa mwanao basi ni vijiko viwili vya wali, viwili vya maharage, viwili vya mboga na kipande cha tunda. Akimaliza akataka tena, aongezewe. Wengi wetu tunafungasha kiasi cha mtoto wa darasa la pili, kikirudi nusu tunalia kwamba hali. Tena baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua inapungua na hamu ya kula inashuka, na kati ya miaka miwili na sita ndipo watoto wengi wanapokataa vitu wasivyovizoea. Hiyo ni hatua ya umri, si kiburi.

Halafu uliza saa. Nenda kituoni umuulize dada anayewalisha: uji wanakunywa saa ngapi, maziwa saa ngapi, chakula saa ngapi? Mtoto aliyemaliza kikombe kikubwa cha uji wa lishe saa nne na nusu hawezi kula wali saa sita. Binti yangu nilimhamishia uji asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, saa nne akawa anakula tunda tu, na mchana njaa ikaanza kuonekana. Maziwa nayo yasizidi nusu lita kwa siku. Yakizidi yanashibisha, na yanachangia upungufu wa madini ya chuma, kitu ambacho watoto wetu wengi tayari wanacho.

Ukiwa hapo hapo, ongea na dada kuhusu kumkaba, yaani kumlisha kwa nguvu. Sema wazi, kwa heshima, kwamba hutaki mtoto akabwe wala asimamiwe na fimbo mezani, na kwamba asipomaliza hutamlaumu yeye dada. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu wengi wanakaba wakiogopa maneno ya mzazi jioni. Mtaalamu mmoja wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii vizuri: mzazi anaamua kinacholiwa, saa na mahali, mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Mimi nimeishika hiyo na nyumba imetulia.

Sasa joto. Hili ndilo ningependa ulisome mara mbili, maana Dar si mji wa kuchezea chakula. Ukipika saa kumi na moja alfajiri na mtoto akala saa sita na nusu, chakula kimekaa zaidi ya saa saba. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Maana yake kiwe cha moto kweli au kiwe cha baridi kweli. Uvuguvugu ndio adui. Kwa hiyo ijaribu hotpoti yako Jumamosi: jaza maji yanayochemka, funga, fungua baada ya saa saba. Mvuke ukipanda vizuri na kidole hakivumilii, inafaa. Maji yakiwa vuguvugu, hiyo iache kwa ajili ya chapati za nyumbani. Hata ile nzuri, ipashe kwanza kwa maji ya moto dakika kama tano, mwaga, ndipo utie chakula kikiwa kinafuka. Na uijaze, maana vijiko viwili kwenye hotpoti kubwa vinapoa haraka, nunua ndogo.

Wali wa jana usimfungashie. Kuna bakteria wa kwenye wali ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, na wali ukikaa nje wanatoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Vya nazi mimi siwekei kabisa kipindi cha joto, vinachacha kabla ya saa sita. Maharage yaliyoungwa kwa nazi vivyo hivyo.

Vya baridi nina njia moja rahisi. Usiku nagandisha chupa ndogo ya maji, asubuhi naizungushia kitambaa na kuilaza kwenye begi karibu na kikontena. Mchana barafu imeyeyuka, mtoto ana maji ya kunywa ya baridi. Vituo vingine vina friji. Kama chako kinayo, omba nafasi.

Kinacholiwa kwangu kuliko vyote ni katlesi. Nachemsha viazi mviringo vitatu na kiazi lishe kimoja, kile cha rangi ya chungwa, naviponda vikiwa bado vya moto. Kiazi lishe kikizidi, katlesi inalainika na kupasukia mafutani, kwa hiyo usiongeze kwa tamaa ya vitamini. Nyama ya kusaga naipika pembeni na kitunguu saumu, tangawizi na karoti iliyokwaruzwa mpaka ikauke kabisa, nakamulia ndimu. Nachanganya vyote, naviringisha vidogo, urefu wa kidole gumba changu, ili mtoto ashike mwenyewe bila kijiko. Nafanya nyingi Jumapili, zinaingia friza. Usiku nashusha za kesho kwenye friji, asubuhi nachovya kwenye yai na kukaanga kwa mafuta kidogo, naziacha zipoe ndipo nazifunga pamoja na ile chupa ya barafu. Kwa mtoto asiyekula mboga hapo ndipo pa kuanzia: mwanzo karoti peke yake, kwa sababu rangi yake inaendana na kiazi. Baada ya wiki kadhaa natia mchicha kidogo sana, umekatwa mdogo na kukamuliwa maji, na nautia uonekane. Simfichi. Mtoto akigundua umemficha kitu kwenye chakula anachokipenda, anaweza kukikataa hicho nacho, na hapo umebaki na kimoja pungufu. Nyama ikiwa ghali, tumia samaki aliyechambuliwa miiba kwa vidole, si kwa macho.

Kwa kuwa wako anapenda wali, uanzie hapo. Wali mweupe, na kwenye kikontena cha pili chenye mfuniko wake maharage yaliyopondwa au njegere. Usivichanganye. Watoto wachaguzi wengi hawachukii maharage. Wanachukia maharage yakigusa wali. Ukitenganisha, anaweza kuonja ya pembeni kwa hiari yake. Mpaka akubali kitu kipya inaweza kuchukua mara 10 au 15 za kuwekewa, na mama wengi wanakata tamaa mara ya tatu. Weka kijiko kimoja kila mara, kikirudi, kirudi.

Chipsi usimpige marufuku. Kata viazi vinene, vichemshe nusu, vimalizie kwenye kikaango kwa mafuta kidogo, ukimwekea na yai la kukaanga lililoiva kabisa. Ni chakula kizuri tu.

Dagaa ni hazina tuliyo nayo mlangoni. Naondoa vichwa, naosha mpaka mchanga uishe, nakausha na kukaanga bila mafuta, nasaga. Nusu kijiko cha chai kwenye maharage au kwenye ndizi za kupika inampa protini na kalsiamu, na ladha haimshtui. Usianze na kingi, harufu itakusaliti. Maharage, dagaa na mboga za majani viende na tunda lenye vitamini C, kama papai, chungwa, embe au pera, kwa sababu linasaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, kwa hiyo isiwe karibu na chakula cha mtoto. Parachichi likamulie ndimu lisiwe jeusi. Mtoto akiona jeusi hagusi.

Biskuti na juisi za boksi, mimi siweki. Juisi hata ya matunda halisi, madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2017 wanashauri isizidi mililita 120 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Maji yanatosha.

Usalama wa koo: karanga nzima hapana mpaka afike miaka mitano, bisi hapana, zabibu zikatwe kwa urefu, soseji isikatwe duara. Karanga nampa zilizosagwa, nimepaka nyembamba kwenye mkate, na nilimuuliza kwanza dada wa kituo kama kuna mtoto anayedhurika nazo. Zichambue moja moja kabla ya kusaga, iliyokunjamana au yenye ukungu itupe, kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, kwa hiyo unga wa uji nao ununue pale unapojua nafaka imechambuliwa.

Mwisho, usimpime kwa hotpoti ya siku moja. Andika alichokula wiki nzima, nyumbani na kituoni, utaona siku ya kula sana na siku ya kugusa tu. Kinachoamua ni kadi ya kliniki. Mstari wake ukiendelea kupanda, tulia. Ukilala au ukishuka, au ukiona amepauka viganja, anachoka kucheza, anakula udongo, anapaliwa kila anapokula, au anazidi kupunguza hata vile vichache alivyokuwa anavikubali, mpeleke akapimwe damu na minyoo, usisubiri ushauri wetu wa humu. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa Juni na Desemba kwenye kampeni za vituo vya afya, hakikisha hajarukwa.

Kesho asubuhi fungasha wali vijiko viwili, maharage yaliyopondwa kwenye kikontena chake, na papai. Jioni mwambie dada akueleze alianza na kipi, kisha urudi hapa utuambie, tutapanga ya wiki nzima kutokea hapo.