Siku mbili zilizoiacha saa yangu nje ya Debian 13

Juzi kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Shikamoo kaka. Programu yangu imekwisha, nifanyeje iingie Debian 14?" Marahaba. (Kwa asiyejua, Debian ni mfumo huru wa kuendesha kompyuta, na hutoka kwa matoleo yenye namba.) Kabla sijakujibu, sikiza kwanza yaliyonipata, maana bado yananiuma.

Mimi nilitengeneza saa. Kompyuta ikionyesha 13:00, yangu huandika "saa saba mchana". Wazo lilitoka barazani, hapa Mkomani. Ami yangu alichungulia laptopu akauliza, "Saa kumi na tatu? Siku ya wapi hiyo?" Watu wakacheka hata kahawa ikamwagika. Usiku ule ule nikaanza kuandika.

Kuandika kulichukua miezi minne, tuyaache hayo. Kazi ni kuingiza. Tarehe za trixie, yaani Debian 13, zilitangazwa mapema: kuanzia 15 Aprili 2025, kifurushi kipya, yaani programu iliyofungwa tayari kwa Debian, hakiingii tena tawi la majaribio, linakoandaliwa toleo lijalo, na kisichokuwemo humo hakimo kwenye toleo. Nilizijua. Nilikuwa nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba.

Mdhamini wangu, mtu wa Debian wa kunikagulia na kunipakilia, ambaye hatujawahi kuonana, alinirudishia kazi mara tatu kwa ajili ya faili la hakimiliki, linaloeleza kila kipande ni cha nani na kwa leseni gani. Fonti moja niliyoiokota mtandaoni haikuwa na leseni. Nilinuna wiki nzima. Mwishowe kifurushi kikaingia sid, tawi linalopokea vifurushi kwanza, mwanzoni mwa Aprili, nikanunua halwa nikagawa mtaani. Nikahesabu siku tano za kungoja kabla ya kuvuka kwenda tawi la majaribio. Ya sita, kimya. Ya tisa, kimya.

Kumbe kifurushi kipya kabisa hupakiwa pamoja na programu iliyokwisha kujengwa kwenye mashine ya mpakiaji, na hiyo hairuhusiwi kuvuka! Ni lazima upakie tena msimbo peke yake, yaani maandishi ya programu, mashine za Debian zijijengee zenyewe. Kazi ya dakika kumi. Ilikuwa imeandikwa wazi kwenye ukurasa wa kifurushi changu. Sikuufungua, nilikuwa nikigawa halwa. Tulipopakia tena zilibaki siku mbili kufika 15 Aprili, na kuvuka kwataka tano. Trixie ikatoka 9 Agosti bila mimi, na ami haachi kuniuliza, "Ile saa yako i wapi?"

Vijana, someni masharti! Mwapenda msimbo, kusoma hamtaki. Someni kabla ya kupakia, mkishapakia someni tena. Maji yakipwa, jahazi halisukumwi kwa hasira.

Wewe wa Malindi, usinitumie programu kwanza. Nitumie faili la hakimiliki, na uniambie fonti umezitoa wapi.